Mkono wa Yusufu kwenye Mkeka

Kama mtoto wako amezaliwa na mkono usiocheza, na umeanza kumvalisha mikono mirefu ili watu wasione, haya nimekuandikia wewe. Mimi nilimvalisha wangu. Jua la Bujumbura linachoma, watoto wa jirani wamelala uchi kwenye mkeka, na wangu yumo ndani ya sweta la sufu aliloletewa na shangazi yake kutoka Gitega. Watu wakiniuliza, nasema ana mafua. Mtoto akaugua mafua wiki tatu mfululizo bila kupiga chafya hata moja.

Sitakueleza mambo ya mishipa kwa sababu sikuyasomea. Nitakueleza nilichokiona, na nilichokosea.

Yusufu alizaliwa mchana, siku ya vilimorti. Wasiokuwepo Bujumbura miaka ile ya vita niwaambie tu kwamba kulikuwa na siku zilizotangazwa kuwa mji ufe, na mji ukafa kweli. Maduka yalifungwa, mawe yalipangwa barabarani, na aliyetoka nje alijitafutia mwenyewe. Kutoka kwetu Buyenzi hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini. Siku ile dakika ishirini zilikuwa mbali kuliko Dar es Salaam. Saidi, mume wangu, alifungua mlango mara tatu akitaka kwenda kutafuta gari, na mara tatu mlio wa bunduki ukamrudisha ndani.

Aliyenizalisha ni Bi Zaituni, mkunga wa mtaani, anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Kichwa kilitoka, mabega yakakataa. Alivuta. Nilisikia anavyohema na anavyomwomba Mungu, na nikasikia anavyovuta. Mtoto alitoka wa bluu, akapuliziwa, akapigwapigwa, akalia. Bila mikono ya yule mama nisingekuwa na mtoto wa kuandika habari zake, na sijawahi kumlaumu. Hadi leo tukikutana sokoni namsalimia kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, Bibi Mwajuma alikuwa anamwogesha. Huyu ni mama yake Saidi, tuliishi naye nyumba moja, na beseni la kuogeshea lilikuwa lake tangu watoto wake mwenyewe. Ghafla akaiweka sabuni chini.

"Mama Yusufu, angalia huku. Mukono wa kuume mbona haucheze?"

Nikaangalia. Wa kushoto ulikuwa unapigana na hewa. Wa kulia ulilala tu.

Siku ya saba, baada ya kumnyoa nywele, Bibi alimwita mzee mmoja wa mtaani anayeunga mifupa. Alimpapasa mtoto begani, Yusufu akapiga kelele, mzee akasema mfupa umevunjika. Kwetu kilichovunjika hufungwa. Hilo lilikuwa ndilo jambo la akili kuliko yote tuliyoyajua, na mzee alikuwa ameunga miguu ya nusu ya mafundi wa Buyenzi. Akachonga vijiti vya matete vyembamba, akaupanga mkono, akaufunga kwa kitambaa ukabanana na mbavu. Juu yake mimi nikamfunga tena kwa kitenge mgongoni, mikono yote ndani, kama tulivyobebwa sisi sote. Kwa hiyo mtoto wangu alifungwa mara mbili, na mara ya pili nilifunga mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Siku ya arobaini mzee alikuja kufungua. Wageni walikuwa uani wanakula pilau. Kitambaa kilipotoka, mkono ulining'inia. Ulikuwa umenyooka, mwembamba kuliko mwenzake, na kiganja kimegeukia nyuma, kama mtu anayepokea kitu kwa siri asionekane. Mzee alikunja vitambaa vyake taratibu, akasema tumwachie Mungu, akatoka bila kula. Mimi nikatafuta sweta.

Aliyelivua ni nesi wa chanjo. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, mimi na kina mama wengine, na askari mmoja kijana aliyekatwa mguu, ambaye alimchekesha Yusufu kwa kugonga gongo lake sakafuni. Nesi alisema, "Vua." Nikasema ana mafua. Akanitazama, akalivua mwenyewe, akauinua ule mkono kwa kidole kimoja, ukaanguka. Nilidhani atanigombeza mbele ya watu. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Nyuma hapo kuna ukumbi. Jumanne na Alhamisi. Muulize Mama Kine."

Jina lake lilikuwa Godeliva, lakini hakuna aliyelitumia. Kine ni kazi yake, kazi ya kunyoosha na kuzoeza viungo, aliyoisomea Bukavu. Alikuwa mwanamke mnene, miguu peku, na sauti ya muuza samaki wa Kajaga. Ukumbi wake ulikuwa stoo zamani. Vioo vya madirisha vilibandikwa plasta za vidonda ili visimwagike bomu likilia karibu.

Mimi nilitegemea sindano, au mashine. Nikakuta wanawake kama kumi, watu wazima na akili zao, wamekaa chini kwenye mikeka wanaimba, wanarusha mipira ya vitambaa, wanatikisa chupa zenye punje za mahindi, na katikati yao watoto wa miezi miwili, mitano, minane, wamelala kifudifudi wanajaribu kuinua vichwa. Hasira zilinipanda. Nilikuwa nimevuka vizuizi viwili vya askari nije kutazama watu wanacheza?

"Dawa iko wapi, Mama?" nikamuuliza.

"Dawa njo hii, ndiyo hii. Kaa chini, toa viatu."

Nikakaa. Akamchukua Yusufu, akamlaza, akampapasa kuanzia shingoni hadi vidoleni bila haraka. Kisha akaniambia maneno niliyoyabeba miezi yote iliyofuata.

"Sikia vizuri, mi sipendi kudanganya mutu. Mukono huu haukuvunjika. Ni mishipa ya ku shingo ilivutika wakati anazaliwa. Wengine wanapona, wengine apana. Kila siku tutacheza naye, tutamukunja, tutamukunjua. Akifika miezi tisa, nitamushika kisukusuku hapa," akanibana pale mkono wangu unapokunjika, akaugandisha kwenye mbavu zangu, "nitamupa andazi. Akilifikisha ku kinywa, ule mukono utamusaidia maisha yake. Akishindwa, basi inafaa apasuliwe, na hapa mwenye kupasua hiyo hayuko."

"Yuko wapi?"

"Bulaya. Labda Nairobi."

Miezi michache baadaye nchi jirani zilitufungia mipaka na ndege, na Nairobi ikawa Bulaya. Lakini hata siku ile nilijua kwamba fundi wa gereji na mkewe hawaendi kokote. Kilichobaki ni ule mkeka, na miezi saba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila nikimbadilisha nepi, mara kumi kukunja, mara kumi kukunjua, mara kumi kuinua bega, na kila mara lazima iwe mchezo, maana mtoto akilia anakaza mwili na kazi inaharibika. Nilimsugua mkono kwa unyoya wa bata, kwa mswaki, kwa kitambaa cha maji baridi, ili mkono ukumbuke kwamba upo. Nilimlaza kifudifudi na mpira mbele yake. Na amri moja ilizidi zote: nikimbeba, mkono ule utoke nje ya kitenge.

Amri hiyo ndiyo iliyoleta vita ndani ya nyumba, kana kwamba ya nje haikututosha. Bibi Mwajuma aliona mkono wa mjukuu unaning'inia nje, mtaa mzima unautazama, na yeye ndiye aliyemwita mzee wa kuufunga. Alisikia ninachosema, na alisikia pia ambacho sikusema.

"Mi nimelea watoto munane," alisema. "Wote niliwafunga mikono ndani. Ni nani ku hao alilemaa?"

Baada ya hapo hakuzungumza nami karibu miezi mitatu. Alizungumza na Saidi nikiwa nimekaa hapo hapo. "Mwambie mke wako maji yamechemka." "Mwambie mke wako mtoto analia." Saidi, maskini, aligeuza shingo mara kwa mama yake mara kwangu, mwishowe akaona heri akae gereji hata pasipo na gari la kutengeneza. Maziwa yangu yalipungua. Nywele zilinitoka kwenye kitana kwa mafungu. Na bega langu la kulia, mimi niliye mzima, lilianza kuniuma usiku na mchana hadi nikashindwa kunyanyua sufuria. Mama Kine alicheka aliposikia, akasema wengi huumwa hivyo, kisha akalikanda lile bega mpaka nikalala pale pale kwenye mkeka, nikaamka mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine. Sijui kama nimewahi kulala vizuri kama siku ile.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia na vumbi lake. Yusufu alifika miezi minne. Mkono ulikuwa vile vile.

Mama Kine aliona tatizo letu kabla yetu. Watoto wakilia kidogo tu, sisi mama zao tunawaonea huruma na kuacha, na watoto walishaligundua hilo. Jumanne moja akapiga makofi akasema, "Leo kila mutu atashika mutoto wa mwenzake."

Kina mama wakavuta watoto wao karibu. Hapa lazima nieleze. Katika chumba kile kila mtu alijua nani ni nani na anatoka mtaa gani, na hakuna aliyelitamka. Tulikaa kwa pande, zile zile za vita, bila kupangwa na mtu, njia nyembamba ya sakafu katikati. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulikaa mwishoni, karibu na mlango. Kila upande ulituona si wao, na siku mbaya kila upande ulituona ni wa upande mwingine. Miezi ile watu walikuwa wanazika. Sasa unaambiwa mpe mtoto wako, aliye uchi, asiyeweza hata kujigeuza, mwanamke ambaye hujui kaka zake wako wapi.

Mama Kine alianza na mama mmoja wa Nyakabiga, mke wa mtumishi wa serikali, mtu wa viatu vizuri. Alimwambia ampe mtoto wake Concessa. Concessa alikuwa anatoka vilimani juu ya mji, mwembamba, mkimya, anashuka saa mbili kwa miguu na binti yake Divine mgongoni. Divine alikuwa na miezi saba na miguu iliyokakamaa ikapishana kama mkasi. Concessa akanawa mikono kwenye karai, akakaa, akainyoosha mikono kupokea.

Mama wa Nyakabiga alimfunga mtoto wake mgongoni, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka.

Mikono ya Concessa ilibaki pale hewani. Hakuishusha, sijui kwa nini, labda hakujua aiweke wapi. Sikufanya nilichofanya kwa ushujaa. Mama Kine alinitazama, na mimi ni mtu nisiyeweza kutazamwa kwa muda mrefu. Nikavuka ile njia ya sakafu nikampa Yusufu. Akanipa Divine. Nilimshika kama sahani ya mtu, naogopa nisiivunje. Alikuwa mwepesi, ananuka moshi wa kuni, na aliponitazama alitabasamu na mate yake yote.

Tangu siku hiyo Concessa alikuwa mikono ya Yusufu, na mimi nilikuwa mikono ya Divine. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maharage, na Kirundi changu si cha kujivunia, kwa hiyo tulizungumza zaidi na watoto kuliko sisi kwa sisi. Yusufu alipolia, Concessa hakuacha. Aliimba polepole na mikono yake ikaendelea. Nilimchukia kidogo kwa hilo. Mama wa Nyakabiga alirudi baada ya wiki mbili, hakueleza kitu, akakaa katikati ya chumba na kumkabidhi mtoto wake kwa mtu aliye karibu, ambaye hakuwa wa kwao. Hakuna aliyempongeza, tuliendelea kuimba.

Katikati ya kiangazi, mimi nikiwa nainama namnyoosha Divine mguu, Concessa akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Yusufu! Nasikia! Nyama inacheza hapa ndani!"

Alikuwa amekishika kisukusuku. Nikaweka vidole vyangu juu ya vyake na sikusikia chochote. Akanisogeza vidole, akabonyeza. Tena sikusikia. Mara ya tatu nikasikia kitu kidogo, kama ukigusa koo la mtoto anayemeza. Nililia. Na nitasema ukweli wote, maana nisiposema haya hayatakusaidia: sehemu ya machozi yale ilikuwa wivu. Nilikuwa nimeubeba mkono ule miezi mitano, na ukaja kuamkia mikononi mwa mtu mwingine.

Baada ya hapo Mama Kine aliamuru mkono mzima, wa kushoto, ufunikwe kwa soksi kila tukicheza, ili ule mvivu ukose wa kumtuma. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nyumbani, Yusufu alilia kwa hasira, na Bibi Mwajuma akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ule wa kuume umekufa, sasa unafunga na ule mzima? We una roho gani?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu moja kwa moja tangu ugomvi uanze. Nikamwambia, "Mama, twende wote Alhamisi. Ukamwulize mwenyewe."

Alikuja kugombana. Alivaa baibui lake zuri kabisa kwa ajili hiyo. Lakini Mama Kine hakumpa nafasi, alimwona mlangoni, akamwekea mtoto wa mtu mikononi, akamwambia, "Mama, sisi huku nyimbo zimetuishia. Nyimbo za zamani za kuchezesha watoto unazijua?" Bibi akakaa. Muda si mrefu ukumbi wote ulikuwa unaitikia. Alipomwona Concessa anavyomkunja Yusufu mkono na mtoto anavyocheka, akamsogelea Mama Kine, akauliza kwa sauti ndogo.

"Ina maana kumufunga njo kulimuumiza?"

Mama Kine hakudanganya hata hapo. "Hakukumuumiza, Mama. Kulimuchelewesha."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Tulipokaribia msikiti Bibi akasimama katikati ya njia, watu wanapita pembeni yetu.

"Mi njo nilimwita ule mzee."

"Tulimwita wote, Mama."

"Apana. We ulikuwa umelala na uzazi, hujiwezi. Mi njo nilimwita."

Nilimshika mkono, tukaenda hivyo hadi nyumbani. Kesho yake alikata pindo la kanga yake nyekundu, akashona mfuko mdogo wenye kamba, wa kuvaa mkono wa kushoto, mwepesi usiotoa jasho. Kisha akashona mingine ya ukumbi mzima. Maziwa yangu yalirudi wiki hiyo hiyo, elewa utakavyo.

Mipaka ikafungwa. Sukari, petroli, sabuni, dawa, vyote vikawa hadithi. Yusufu alikaa mwenyewe. Alianza kusukuma mpira kwa kiganja cha kulia, kisha kuushika. Akitaka kuupeleka mdomoni alirusha kisukusuku nje kama bawa na kuinamisha shingo chini kuufuata. Mama Kine alikuwa anatikisa kichwa. "Anaiba," alisema. "Anapeleka kinywa ku mukono. Mi nataka mukono uende ku kinywa."

Mvua za kwanza zilipoanza kurudi, Concessa hakuja. Jumanne ya kwanza tukasema ni mvua. Ya pili, tukasema mtoto anaumwa. Ya tatu, mama mmoja anayeuza mboga akasema kwamba watu wa kilima chao wameondolewa nyumbani na kukusanywa kambini, na hakuna wa kuingia wala kutoka. Nilikuwa na mpira wa Divine nyumbani, wa vitambaa vya bluu. Concessa aliniachia niushone ulipofumuka. Niliushona. Niliuweka kwenye mfuko na kwenda nao kila Jumanne na kila Alhamisi, nikarudi nao.

Yusufu hakumkubali mtu mwingine. Mama Kine alimshika, akakaza mwili. Mama wa Nyakabiga alimshika, akakaza mwili. Mimi nikimshika alilia apewe ziwa. Miezi tisa ikatimia.

Asubuhi ya siku ya andazi, Bibi aliamka kukanda unga ambao nadhani aliuficha tangu kabla ya vikwazo. Unga ulitosha maandazi mawili. Saidi aliacha gereji akaja nasi, akasimama dirishani nje kwa kuwa wanaume hawakuzoea kuingia. Mama Kine akamkalisha Yusufu mapajani, akambana kisukusuku kwenye mbavu, Bibi akampa andazi kwenye kiganja cha kulia. Alilishika. Akajaribu kurusha bawa lake, akakuta limeshikwa. Akapiga yowe, andazi likaanguka. Tukampa tena, likaanguka tena. Mara ya tatu alikuwa amelowa jasho, Mama Kine akasema tumpumzishe, na macho yake hayakunitazama.

Ndipo mlango ukafunguka. Niliuona mgongo kabla ya uso, kwa sababu alikuwa amegeuka kuvua viatu, na mgongo haukuwa na kitu. Kitenge alikuwa amejifunga kiunoni.

Hakuna aliyeuliza. Nilisema tu, "Concessa," na mkono wangu ukaingia kwenye mfuko ukaushika ule mpira wa bluu.

"Mwezi umepita," alisema. "Kuharisha. Kule ku kambi watoto ni wengi wameenda. Njo wakaniruhusu nikuje kwa shangazi." Akaangalia andazi lililo sakafuni, akaangalia Yusufu. "Njo leo, ile siku yake?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo nilitaka kumwambia arudi, apumzike, kwamba siwezi kumwomba kitu kama hicho. Alikwenda kwenye karai akanawa mikono kama alivyokuwa akinawa siku zote. Akakaa kwenye mkeka.

"Nipe Yusufu."

Nikampa. Mtoto alimtazama, akampapasa kidevu, akatulia. Concessa akakishika kisukusuku kwenye mbavu na kuanza ule wimbo wake wa polepole. Bibi akaweka andazi la pili kwenye kiganja. Mkono ukanyanyuka hadi kifuani, ukasimama hapo. Ukatetemeka. Shingo yake haikuinama. Alifungua kinywa kabla andazi halijafika, akangoja amekifungua, na mkono ukaja wenyewe, polepole, ukafika. Aliuma.

Vigelegele vilifika kooni mwa Bibi Mwajuma. Nilimwona akiinua mkono kuviziba, macho yake kwa Concessa. Chumba kizima kilinyamaza hivyo, wanawake kumi wamebana midomo, na mtoto anatafuna. Kupitia dirishani nilimwona Saidi ameegemeza paji la uso kwenye kioo chenye plasta.

Concessa aliinua kichwa akatutazama mmoja mmoja, kama anayeshangaa tunangoja nini. Kisha yeye ndiye aliyepiga vigelegele, peke yake, virefu, kwa namna ya huko kwao vilimani, na machozi yanamshuka hadi shingoni. Bibi ndipo akampokea. Mimi sikuweza. Nilimpa ule mpira, akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Leo Yusufu ni mtu mzima. Mkono ule ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, na hawezi kukigeuza kiganja chote juu. Akipokea chenji dukani huuweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia, anafungua nati za pikipiki kwa kulia. Wako wanaokuja na mikono mizito zaidi, na wako wasiofikisha andazi. Nimewaona pia, na mama zao hawakufanya kosa lolote ambalo mimi sikulifanya. Nenda mapema tu. Lile sweta livue.

Jumanne iliyofuata ile siku ya andazi hatukuwa na lazima ya kwenda tena, lakini nilikwenda kumshukuru Mama Kine. Nilifika mapema, kabla ya watu. Concessa, ambaye sasa alikuwa amekuja kukaa kwa shangazi yake mjini, alikuwa ameshafika. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na yeye amekaa katikati, mikono mibichi ya maji. Mlangoni alisimama mama mgeni, hajui aingie au arudi, na mtoto wake, katika joto lile, amevalishwa mikono mirefu.

Concessa alimnyooshea mikono.